Mwongozo Kamili wa Kutazama Wadudu na Maua ya Porini Tabora, Kuanzia Uani hadi Ukingo wa Miombo

Mkazi wa Tabora hana haja ya kusafiri hadi hifadhi ya Ugalla ili aone wadudu na maua yanayostahili kutazamwa. Ukingo wa mtaro wa Kiloleni, kiwanja kisichojengwa huko Isevya, tuta la nyanya chungu nyuma ya jiko la Ipuli na kivuli cha miembe mikongwe ya mjini vinatosha kumpa mtazamaji kazi ya mwaka mzima. Kinachokosekana kwa kawaida ni utaratibu, kwa kuwa wengi wetu humwona kipepeo akipita, tukamfuata hatua kadhaa, akapotea juu ya ukuta wa jirani, na hapo habari ikaishia. Mwongozo huu unashikilia kanuni moja: chagua ua kwanza, kaa mbele yake, kisha mwache mdudu aje mwenyewe. Mdudu hukimbia, lakini ua halikimbii, na mambo mengi ya kujifunza yapo pale wawili hao wanapokutana.

Hatua ya kwanza: yajue majira ya hapa

Maandishi mengi kuhusu kutazama wadudu yameandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, ambako maua na wadudu hukusanyika katika joto la Juni hadi Agosti. Atakayeyafuata neno kwa neno akiwa Tabora atakwenda uwanjani wakati nyasi zimekauka, kisha ahitimishe kwamba hakuna cha kuona. Tabora imekaa kwenye uwanda wa juu wenye mwinuko wa takriban mita 1,200, na hupata msimu mmoja wa mvua ambao kwa kawaida huanza Novemba na kwisha Aprili au mwanzoni mwa Mei. Katika mzunguko huo maua huja kwa mafungu, na kila fungu lina wageni wake.

Fungu la kwanza huja Septemba na Oktoba, wakati joto limepanda na hakuna hata tone la mvua lililodondoka. Hapo ndipo miti ya miombo, kama vile mtundu na muyombo, huchipua majani mapya mekundu na ya rangi ya shaba ilhali ardhi bado ni kavu, kwa sababu mizizi yake huufikia unyevu wa chini na mti wenyewe huwa na akiba. Mninga nao hutoa maua ya njano ambayo hudumu kwa muda mfupi sana, hivyo anayeahirisha hadi wiki ijayo hukuta petali zimetapakaa chini. Mwamba ngoma husimama bila jani ukiwa na vishada vyekundu, na wageni wake wakubwa ni ndege wa jamii ya chozi kuliko wadudu.

Fungu la pili hufuata mvua za kwanza. Kumbikumbi hutoka vichuguuni, na kutoka ardhini huchomoza tufe jekundu la maua juu ya bua nene, likitokea kwenye kitunguu kilicholala chini ya udongo kiangazi chote. Mara nyingi hulikuta kwenye kivuli au pembeni mwa kichuguu. Katika siku hizo hizo huonekana juu ya mchanga uliolowa vijidudu vyekundu sana, vyenye manyoya laini, ambavyo watoto hupenda kuviokota. Ukivihesabu miguu utapata minane, maana ni utitiri, ndugu wa buibui na kupe, na huonekana juu ya ardhi kwa muda mfupi tu.

Fungu la tatu, la Februari hadi Mei, ndilo ninalomshauri kila anayeanza alichague. Magugu ya kando ya njia yamekwisha kukua na kuchanua, vipepeo ni wengi, na mvua zimepungua kiasi cha kumwezesha mtu kukaa nje asubuhi bila kulowa. Fungu la nne, la kipupwe cha Juni hadi Agosti, lina maua machache ya chini, lakini miembe huchanua, na jambo hilo nitalirudia kwa sababu watu wengi hulipuuza.

Hatua ya pili: chagua kituo kimoja

Chagua mahali padogo unapoweza kufika kwa miguu bila kupanga safari, kwa kuwa kituo unachokipita kila siku kitakupa mengi kuliko bonde zuri unalolitembelea mara moja kwa mwaka. Pawe na jua la asubuhi na mimea inayoachwa ichanue. Hapa ndipo penye ugumu, kwani mjini tunafyeka. Tunafyeka kwa hofu ya nyoka, kwa hofu ya mbu na kwa ajili ya usafi wa mtaa, na hoja hizo zina uzito wake. Hata hivyo, utepe wa mita moja ya upana kando ya uzio wa miti au nyuma ya choo, mbali na mlango, unaweza kuachwa bila kumdhuru mtu yeyote. Zungumza na mwenye nyumba au na anayefyeka kabla panga halijapita.

Eneo likiwa la mtu mwingine, omba ruhusa. Mtu anayesimama kwenye kiwanja akiwa na daftari na simu mkononi hudhaniwa haraka kuwa mpimaji au dalali, na migogoro ya ardhi inajulikana. Mwendee mwenye shamba, msalimu kwa heshima, "Shikamoo mzee," au "Mwangaluka" kama ni asubuhi na ni watu wa Kinyamwezi, kisha eleza wazi: "Naomba nikae hapa kando ya shamba lako kwa muda mfupi, ninaandika wadudu wanaokuja kwenye maua." Mara nyingi utapewa ruhusa pamoja na majina ya mimea na matumizi yake. Yaandike majina hayo kama ulivyoyasikia, pamoja na mahali ulipoyasikia, kwa sababu mmea mmoja huitwa hivi Uyui na vile Sikonge.

Hatua ya tatu: vifaa

Vifaa ni vichache: daftari lenye jalada gumu, penseli (wino huchirizika ukilowa), simu yenye kamera, rula, chupa pana ya plastiki inayopitisha mwanga, na kioo cha kukuzia ukikipata. Tengeneza pia fremu ya vijiti au waya ya mraba wenye upande wa sentimita 50. Wavu wa kukamatia vipepeo si wa lazima kwa anayeanza, na mimi ningemshauri aache, kwa kuwa wavu humrudisha mtu kwenye tabia ileile ya kukimbiza.

Hatua ya nne: dakika 10 mbele ya maua

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote. Weka fremu juu ya maua ya aina moja, kisha hesabu kila mdudu anayetua kwenye maua yaliyomo ndani ya fremu kwa dakika 10. Uingereza hutumia kipimo hichohicho, mraba wa sentimita 50 kwa 50 na dakika 10, katika mpango wao wa kitaifa wa kufuatilia wachavushaji, yaani wanaobeba chavua (unga wa maua) kutoka ua hadi ua, na sababu yake ni rahisi: muda na eneo visipobadilika, hesabu ya leo inaweza kulinganishwa na ya mwezi ujao, na yako ikalinganishwa na ya mwenzako aliyeko Nzega.

Wakati mzuri ni kati ya saa 3 asubuhi na saa 6 mchana, siku yenye jua na upepo mdogo. Kaa chini, jua likiwa upande ambao kivuli chako hakiangukii maua, na ukishatulia subiri dakika mbili au tatu kabla ya kuanza kuhesabu, maana wadudu waliokimbia ujio wako watarudi. Kabla ya kuanza, hesabu maua yaliyofunguka ndani ya fremu. Hesabu hiyo isipokuwapo, huwezi kujua kama nyuki wameongezeka au kilichoongezeka ni maua.

Mdudu akitua, andika mambo matatu: kundi lake, sehemu ya ua aliyoigusa, na alichokifanya. Nyuki anaweza kunyonya mbochi, maji matamu ya ua, bila kugusa chavua hata kidogo. Nyuki mkubwa mweusi huonekana wakati mwingine akitoboa ubavu wa ua refu na kunyonya kwa nje, ambayo ni wizi mtupu kwa upande wa mmea. Mbawakawa anaweza kuwa anatafuna petali, na buibui anayejificha ndani ya ua lenye rangi yake hayupo kwa ajili ya ua bali anawasubiri wageni. Mtu anayeandika "nyuki 6" tu amepoteza nusu ya alichokiona.

Hatua ya tano: tambua kundi kabla ya jina

Usitafute jina la spishi, yaani aina mahususi, siku za mwanzo. Tafuta kundi, na kwa kazi hiyo mabawa na vipapasio (zile nyuzi mbili za kichwani) vinatosha. Nzi ana mabawa mawili tu na vipapasio vifupi, na macho yake hujaza sehemu kubwa ya kichwa. Nyuki na nyigu wana mabawa manne na vipapasio virefu. Nyuki kwa kawaida ana manyoya mengi na hubeba chavua miguuni au chini ya fumbatio (tumbo), ilhali nyigu huwa na mwili laini na kiuno chembamba. Mbawakawa ana mabawa ya mbele magumu yanayokutana kwa mstari ulionyooka katikati ya mgongo. Vipapasio vya kipepeo huishia na kirungu kidogo, wakati vya nondo huwa kama uzi au unyoya.

Tofauti ya nzi na nyuki ndiyo inayowachanganya wengi, kwa kuwa wapo nzi wa maua wenye mistari ya njano na myeusi inayofanana kabisa na ya nyuki. Hawana mwiba. Sura hiyo huwakinga dhidi ya ndege, ambao wamejifunza kuiogopa rangi. Ukimwona mdudu mwenye mistari akiwa ametulia hewani mahali pamoja mbele ya ua, kisha akaruka ghafla pembeni na kutulia tena, hesabu mabawa yake pichani kabla ya kumwita nyuki.

Udanganyifu wa aina hiyo upo pia kwa vipepeo, na mfano wake bora unaruka kila siku mjini kwetu. Kipepeo wa rangi ya kahawia inayoelekea machungwa, mwenye ncha nyeusi za mabawa zilizo na madoa meupe, anayeruka polepole bila woga, kwa jina la kisayansi ni Danaus chrysippus. Viwavi wake hula mimea ya utomvu mweupe, sumu ya mmea hubaki mwilini, na ndege humwona hafai kuliwa. Jike la kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, ambaye hana sumu hiyo, huvaa rangi zilezile, ilhali dume lake ni jeusi lenye mabaka meupe yaliyozungukwa na mng'ao wa zambarau. Ili kuwatofautisha, piga picha ya bawa la nyuma likiwa wazi: Danaus chrysippus ana madoa meusi matatu au manne karibu na katikati ya bawa hilo, na mwigaji wake huwa na doa moja kwenye ukingo wa mbele.

Nyuki nao si aina moja. Nyuki wa asali wanaofugwa kwenye mizinga ni wale wa kawaida wenye miiba. Nyuki wadogo, weusi, wasio na mwiba, huingia kwenye tundu la ukuta au la mti kupitia kibomba kidogo cha nta, na asali yao inathaminiwa sana mkoani. Wale wakubwa weusi wanaotoboa boriti za paa huishi peke yao au wachache pamoja, na hawashambulii watu wanaopita. Mtazamaji anayetaka kujifunza zaidi ana bahati ya kuishi katika mji wenye Chuo cha Ufugaji Nyuki.

Hatua ya sita: maua ya kuanzia

Anza na maboga, hata kama si ua la porini, kwa sababu ni kubwa na hufundisha haraka. Ua dume lina kikonyo chembamba kirefu. Ua jike lina kiboga kidogo chini ya petali. Yote mawili hufunguka alfajiri na kunyauka kabla ya mchana, kwa hiyo anayetazama saa 8 amekwisha kuchelewa. Ua jike lisipopata chavua asubuhi hiyo, kiboga hugeuka njano na kudondoka, na mkulima hulaumu ugonjwa au mbolea. Hesabu wageni wa ua jike kwa siku kadhaa, zikiwemo asubuhi za mvua, kisha fuatilia ni viboga vipi vilivyoshika.

Baada ya hapo nenda kwenye nyanya chungu, biringanya au nyanya. Maua yake hayatoi mbochi, na chavua yake imefungwa ndani ya vifuko vyenye matundu madogo kwenye ncha. Ili kuitoa, nyuki hulikumbatia ua na kutetemesha misuli ya kurukia bila kupiga mabawa, na chavua humwagika tumboni mwake. Nyuki wa asali hawana ufundi huo. Nyuki wakubwa weusi na baadhi ya nyuki wanaoishi peke yao wanao. Kaa karibu, nyamaza, na usikilize: mvumo wa kawaida hukatika mara tu nyuki anaposhika ua, kisha hutoka mlio mfupi wa juu zaidi, unaorudiwa mara mbili au tatu. Mjohoro uliopandwa kwa kivuli kwenye taasisi na nyumba nyingi za mjini hufanya kazi kwa namna hiyohiyo, na ukiujua mlio huo utautambua ukiwa umesimama kituoni unasubiri bodaboda.

Miongoni mwa magugu, kishona nguo ndilo linalofaa zaidi kwa fremu ya dakika 10. Kinachoonekana kuwa ua moja ni mkusanyiko wa maua mengi madogo ya njano, wakati mwingine yakizungukwa na petali chache nyeupe, na kila moja lina tone dogo la mbochi lisilofichwa ndani sana. Kwa hiyo huja kila mtu: nzi wa maua, nyuki wadogo, nyigu, vipepeo wa kila ukubwa. Mchunga, ambao wengi wanaujua mezani tu, hutoa maua ya njano ukiachwa, na mlenda nao vilevile. Acha mashina machache ya pembeni mwa bustani yachanue.

Lantana iliyopandwa kama uzio wa nyumba, au iliyotoroka na kuwa gugu, ni mmea wa kigeni kutoka Amerika ya kitropiki na mkali kwa misitu yetu, hivyo simshauri mtu aipande. Ikiwa tayari ipo, itazame. Katika aina ya kawaida, maua mapya yaliyo katikati ya kishada ni ya njano, kisha hugeuka machungwa, waridi au mekundu yanapozeeka. Mbochi imo kwenye yale ya njano, na vipepeo wanajua. Hesabu wanapoingiza mrija wao na utaona rangi ya zamani ikirukwa.

Mimea iitwayo marejea, pamoja na ndugu zake wa porini, ina maua ya njano yenye sehemu ya chini iliyojikunja na kuishia na ncha. Nyuki mzito akitua, uzito wake huishusha sehemu hiyo na chavua hutoka kwenye ncha na kumgusa tumboni, ilhali mdudu mwepesi hutua na kuondoka bila ua kujibu. Kwenye mimea hiyo tafuta pia nondo mdogo mweupe mwenye madoa mekundu na meusi, Utetheisa pulchella, anayeruka mchana bila kujificha. Kiwavi wake hula marejea na kuhifadhi sumu ya mmea, ndiyo maana haogopi.

Kuna ua moja ambalo uzuri wake humkera mkulima. Katika mashamba ya mahindi na mtama yaliyochoka huchomoza kiduha, chenye maua mekundu au ya waridi kulingana na aina, na hupendeza machoni. Mizizi yake imejipachika kwenye mizizi ya mazao na kunyonya maji na chakula, hata mahindi yakadumaa kabla gugu lenyewe halijaonekana juu ya ardhi. Mche mmoja huweza kutoa makumi ya maelfu ya mbegu ndogo mno, zinazodumu udongoni kwa miaka mingi. Tazama, piga picha, kisha mwambie mwenye shamba akiwa bado na nafasi ya kuking'oa kabla hakijatoa mbegu, na kung'uta viatu vyako kabla hujaingia shamba la pili.

Mwembe niliuahidi. Kati ya Juni na Agosti matawi yake hubeba vishada vya maua madogo mno, na wengi hudhani nyuki ndio wanaoyashughulikia. Keti chini ya tawi lililoinama, uhesabu kwa dakika 10, na utakuta nzi wa aina nyingi wakifanya sehemu kubwa ya kazi: nzi wa mizoga wenye rangi ya kijani inayong'aa, nzi wa maua wenye mistari, na wengine wadogo wasio na sura ya kuvutia. Tunaowafukuza mezani kwa kitambaa ndio wanaotusaidia kupata maembe ya Desemba.

Hatua ya saba: jioni na usiku

Papai lenye maua dume, lile lenye vishada virefu vinavyoning'inia, litazame wakati wa magharibi. Nondo wakubwa wenye mrija mrefu huja wakielea hewani mbele ya ua bila kutua, na kwa kawaida hufika mwanga ukiwa umebaki kidogo tu. Tumia taa hafifu, na usiielekeze moja kwa moja kwenye ua.

Kwa wadudu wengine wa usiku, tundika shuka jeupe ukutani, weka taa mbele yake, na utazame kati ya saa 1 na saa 4 usiku, hasa usiku usio na mbalamwezi baada ya mvua. Vaa mikono mirefu kwa sababu ya mbu. Jihadhari na mdudu mwembamba mwenye mikanda ya rangi nyeusi na nyekundu inayoelekea machungwa, ambaye wengi humwita Nairobi flai: haumi, lakini akipondwa juu ya ngozi majimaji yake huunguza na kuacha vidonda. Mpulize atoke, usimpige, na ukimgusa nawa kwa sabuni kabla hujashika macho. Tahadhari hiyohiyo inawahusu mbawakawa weusi wenye mikanda ya njano au myekundu wanaotafuna maua ya kunde na maboga mchana. Majimaji yao huleta malengelenge.

Kumbikumbi wakitoka, wachache waepushe na kikaango na uwatazame. Mabawa yao manne yanalingana kwa urefu, na mwili hauna kiuno. Sisimizi wenye mabawa, ambao huruka siku hizo hizo, wana mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma na kiuno chembamba. Baada ya kutua kumbikumbi huyapukutisha mabawa, kisha dume humfuata jike kwa karibu sana hadi wapate mahali pa kuchimba. Andika tarehe, saa, na kama mvua ilinyesha mchana huo au jana yake. Ni miongoni mwa kumbukumbu zenye faida kubwa unazoweza kuweka, maana ikikusanywa kwa miaka huonyesha mwenendo wa mvua za kwanza mtaani kwako.

Hatua ya nane: ukifika kwenye miombo

Misitu ya hifadhi ipo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kuingia kunahitaji kibali. Ukingo wa msitu wa kijiji unahitaji ruhusa ya serikali ya kijiji. Ukiona mizinga ya magome imening'inizwa mitini, pita mbali nayo. Usijipake manukato, na nyuki wakianza kukugonga kichwani usiwapige: funika uso, ondoka kwa haraka, na uendelee hadi waache. Usivae bluu wala nyeusi, kwa kuwa rangi hizo huwavuta ndorobo, na mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo kwa sababu hiyo. Ndorobo wanaweza kuambukiza malale, hivyo homa inayokuja baada ya kuumwa naye isichukuliwe moja kwa moja kuwa ni malaria. Mweleze daktari ulikokuwa.

Kwenye miombo ya masika utaona mmea unaopanda kwa kujishikiza kwa ncha za majani yake, wenye petali zilizopinduka juu, nyekundu zenye kingo za njano. Ni Gloriosa superba. Usichume na usimwachie mtoto, kwani sehemu zake zote ni sumu na mizizi yake ndiyo hatari zaidi. Andika pia mahali ulipo kwa kutumia ramani ya simu, maana ukingo wa msitu unahama: mashamba ya tumbaku huhitaji kuni nyingi za kukaushia majani, na ulipotazama maua mwaka huu panaweza kuwa tuta mwaka ujao.

Hatua ya tisa: picha na kumbukumbu

Piga picha ya mmea mzima, kisha jani, kisha ua kwa mbele na kwa ubavu, na mwisho mdudu kwa juu, ubavuni na usoni. Picha nzuri ya petali peke yake mara nyingi haimsaidii mtaalamu kuutambua mmea. Weka rula kando yake katika picha moja. Ukiwa na intaneti, programu ya iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008, itakupa pendekezo la jina na nafasi ya kusahihishwa na wajuzi. Pendekezo hilo lisichukuliwe kuwa hukumu, kwa kuwa nchi zenye picha nyingi huivuta programu kuelekea spishi zao. Ukisita, ishia kwenye jenasi au familia, ambayo ni makundi mapana kuliko spishi.

Hatua ya kumi: mfuge kiwavi mmoja

Kwenye majani ya mlimao au mchungwa tafuta kiwavi mdogo anayefanana na kinyesi cha ndege. Ni mtoto wa Papilio demodocus, kipepeo mkubwa mweusi wa madoa ya njano. Kata kijitawi alichokalia, mweke nacho kwenye chupa pana iliyofunikwa kwa kitambaa chepesi, mbali na jua, na umpe majani mapya ya mti uleule kila siku baada ya kuondoa kinyesi. Akikua atageuka kijani, na ukimgusa atatoa pembe mbili laini nyuma ya kichwa zenye harufu kali. Mfanyie hivyo mara moja tu. Mwekee kijiti kilichosimama, kwa sababu atajifunga hapo kwa uzi kiunoni na kuwa bundo, hatua ya kutulia kabla ya kuwa kipepeo. Chupa iwe na nafasi ya kutosha ili kipepeo anapotoka mabawa yaning'inie bila kugusa chochote hadi yakauke, kisha umwachie asubuhi karibu na mti ulikomtoa. Wakati mwingine badala ya kipepeo hutoka nyigu wadogo ambao mama yao alitaga ndani ya kiwavi akiwa bado mtini. Wapige picha hao nao, na uandike kwamba walitoka kwa Papilio demodocus wa mlimao, tarehe na mtaa.